Maswali na majibu: Uvimbe wa shingo kwa aliyewahi kutolewa figo

SWALI: Baba yetu alitolewa figo ya kushoto miaka 12 iliyopita kwa sababu ya saratani, akaambiwa amepona. Sasa ana uvimbe shingoni na kliniki ya mtaani imesema ni goita tu. Je, tuwe na wasiwasi? – Msomaji, Kayole

JIBU: Goita ni kuvimba kwa thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo. Uvimbe mwingi wa tezi hiyo si saratani, lakini kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya figo jibu la "goita tu" halitoshi mpaka uvimbe wenyewe upimwe. Saratani hii inajulikana kwa kujificha: chembe chache zinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka 10, pengine hata zaidi ya 20, kabla ya kuanza kukua tena. Mara nyingi huibukia mapafuni, mifupani, kwenye ini au ubongo. Kuibukia kwenye thairoidi ni nadra, ila miongoni mwa saratani zinazotoka viungo vya mbali na kugunduliwa katika tezi hiyo mgonjwa akiwa hai, ya figo ndiyo inayoongoza.

Je, mlimweleza mhudumu wa kliniki habari ya figo? Mara nyingi familia hunyamaza, kwa kudhani kwamba jambo hilo lilishakwisha na kwamba shingo haina uhusiano wowote na kiuno. Ombeni rufaa ya hospitali kubwa, kama ile ya Kenyatta, mkiwa na ripoti ya patholojia (uchunguzi wa maabara wa figo iliyotolewa) ya upasuaji ule. Ikiwa imepotea, idara ya kumbukumbu ya hospitali alikopasuliwa huenda bado ina nakala. Akianza kushindwa kumeza, sauti kukwaruza au pumzi kubana, msisubiri tarehe ya kliniki.

SWALI: Mama naye alitolewa figo yenye saratani na sasa ana uvimbe shingoni, lakini vipimo vyake vya homoni za thairoidi vimerudi vikiwa sawa. Si basi tezi ni nzima? – Msomaji, Umoja

JIBU: La. Homoni hueleza jinsi tezi inavyofanya kazi, wala si kilichomo ndani yake. Wengi ambao saratani ya figo imewafikia shingoni huwa na homoni za kawaida kabisa. Anahitaji ultrasaundi na kuchukuliwa chembe kwa sindano.

SWALI: Sindano imeshachukua chembe za uvimbe wa shingo wa mgonjwa wetu aliyewahi kutolewa figo, na sasa maabara inadai muda na pesa zaidi kwa vipimo "maalumu". Tunaibiwa? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Sidhani. Chembe za aina ya saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi huonekana angavu chini ya darubini, na baadhi ya uvimbe unaoanzia kwenye thairoidi huonekana vivyo hivyo. Tena uvimbe unaotokana na saratani ya figo una mishipa mingi ya damu, hivyo sindano huweza kurudi na damu tupu. Ili kuzitofautisha, mtaalamu hutumia rangi zinazotambua protini: chembe za thairoidi kwa kawaida huonyesha thairoglobulini na TTF-1, ilhali za figo hazionyeshi. Protini ya PAX8 hupatikana kwa zote mbili, kwa hiyo rangi moja haimalizi ubishi. Hapa pia, asiyejua kwamba kuna figo iliyotolewa hana sababu ya kutafuta chembe za saratani yake. Hakikisheni fomu iliyoambatana na sampuli imeandikwa hivyo.

SWALI: Dada yangu amethibitishwa kuwa saratani ya figo imemfikia kwenye thairoidi. Je, atapewa iodini ya mionzi kama jirani yetu mwenye saratani ya thairoidi? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Hapana, kwa sababu chembe za figo hazifyonzi iodini hata zikiwa ndani ya thairoidi. Kwanza atapigwa picha ya CT kuanzia kifua hadi nyonga, pamoja na figo iliyobaki. Ikiwa ugonjwa uko shingoni pekee na ana nguvu, upasuaji wa kuondoa sehemu ya tezi au tezi yote huwapa baadhi ya wagonjwa miaka mingi. Ukiwa umesambaa kwingine, daktari wa saratani hufikiria tembe kama sunitinibu, au dawa za kuamsha kinga ya mwili kama nivolumabu. Tembe hizo zenyewe huweza kudhoofisha thairoidi, hivyo homoni zitapimwa mara kwa mara. Akitolewa tezi yote, atameza levothairoksini kila siku maishani: asubuhi, kwa maji matupu, angalau nusu saa kabla ya chai ya maziwa.