Breki za rimu au za diski?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nataka baiskeli ya mazoezi. Naendesha Jumamosi na Jumapili tu, Tanga mjini hadi Pongwe na kurudi, lami. Nimeona mbili za mtumba: moja ina breki za rimu, nyingine za diski na bei yake imechangamka. Niongeze hela?

JIBU: Kwa njia hiyo, usiongeze. Kwenye lami kavu, breki ya rimu (raba mbili zinazobana ubavu wa rimu) iliyofungwa vizuri inazuia gurudumu hadi tairi liburuzike, na diski haina cha kukuongezea hapo, maana kinachoshika barabara ni tairi.

Mvua ndiyo huzitenganisha. Rimu ikilowa, raba huteleza kwanza, gurudumu likazunguka mara moja mbili ndipo zikamate. Diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, iko katikati ya gurudumu, mbali na madimbwi. Halafu kuna mteremko mrefu. Lushoto kushuka Mombo ni kilomita 30 na ushei, kona tupu. Ukibana breki muda wote rimu inachemka huigusi, hata tyubu inaweza kupasuka. Ungekuwa unapanda huko kila mwezi, ningekwambia chukua diski.

Ila diski ipi? Nyingi za bei rahisi, za kuvutwa kwa waya, sahani yake imepinda tangu dukani na inalia njia nzima. Za mafuta ni tamu, kidole kimoja kinatosha, lakini uliza kwanza nani atakutolea upepo ukiingia kwenye mafuta ya breki. Breki za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, za SRAM nyingi hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari. Ukikosea, sili, yaani mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje, zinaharibika. Na mtu asikupulizie oili ya mnyororo karibu na diski: pedi zikishanyonya, mara nyingi ni za kutupa.

Sasa hiyo ya rimu. Kabla hujalipa, pitisha kidole ubavuni mwa rimu, pale raba zinapobana. Ukihisi pamebonyea, imelika, achana nayo. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Tazama na raba: mara nyingi chembe za mchanga zimejichimbia humo, ndizo zinazokwaruza rimu. Zichokoe kwa sindano. Waya badilisha tu, hata ukiuona mzima, maana chumvi ya bahari hapa Tanga huula ndani ya ganda lake, usikoona.