Dokta, hata vijiko vikigongana naumia, niendelee kuziba masikio?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, nina miaka 31, kwenye mashine ya randa na msumeno nina kama miaka 6 sasa. Miezi minne hii sauti za kawaida zinaniumiza, mke wangu akiosha vyombo vijiko vikigongana nahisi kama nimechomwa sindano sikioni, konda akipiga bodi nashtuka mpaka moyo unaenda mbio, na usiku nasikia mlio nyiii hauishi. Nimeanza kuweka pamba kutwa nzima hata nyumbani ila naona hali inazidi. Ndo naelekea kuwa kiziwi? Pamba niendelee nayo?

JIBU: Pole sana kaka, umeeleza vizuri mno. Naanza na pamba maana ndo imenitia wasiwasi kuliko vyote: ukiwa nyumbani itoe leo leo. Kazini nako itoe, ila kule uvae kitu cha maana zaidi. Najua ni kama nakuchanganya, ngoja nieleze.

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu imejikunja kama konokono, ina seli zenye vinyweleo kama elfu 15 hivi, hizo ndo zinapokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele za mashine zinaziua kidogo kidogo, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Sasa ubongo ukiona sauti inayoingia imepungua unaongeza voliumu wenyewe, kama mtu mwenye redio inayoshika stesheni kwa mbali, anafungulia mpaka mwisho, halafu stesheni ikishika vizuri ghafla sauti inampasua. Wataalamu wengi tunaamini hiki ndo kinachotokea kwenye vijiko vya shemeji na huo mlio wa usiku, kitaalamu hiyo hali ya kuumizwa na sauti tunaiita haipakusisi. Na pamba ya kutwa nzima inaunyima ubongo sauti vile vile, nao unazidi kufungulia. Mwaka 2003 Marekani kuna utafiti walichukua watu wenye masikio mazima, waliovaa vizibo wiki 2 walitoka wanaona sauti zimekuwa kali zaidi, waliovaa vifaa vinavyotoa mvumo mdogo wakatoka wanavumilia zaidi. Kwa hiyo sio kwamba wewe ni muoga au unadeka, masikio yako yamezoeshwa vibaya tu, na yanaweza kuzoeshwa upya.

Upande wa kazini sasa. Kiwango tunachotumia ni desibeli 85 (desibeli ndo kipimo cha ukali wa sauti) kwa masaa 8, kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Randa mara nyingi inafika 100, hapo unaruhusiwa dakika 15 tu kwa siku nzima, na wewe unasimama nayo toka asubuhi mpaka jioni! Pamba haizuii kelele hizo. Nenda maduka ya vifaa vya usalama, kule wanakouza helmeti na gambuti, chukua vizibo vya sponji au vile vya kufunika sikio zima kama hedifoni. Vya sponji mafundi wengi wanavigusisha tu mlangoni mwa sikio, haisaidii. Nawa mikono, kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu na nyuma, kiingize haraka, halafu kishikilie na kidole uhesabu mpaka 30 kivimbe humo ndani. Ukitaka kujua kama kimekaa, mashine ikiwa inawaka ziba masikio na viganja, ukiona kelele imepungua sana basi bado hujakivaa vizuri, rudia.

Nyumbani usikae kwenye ukimya, washa feni au redio kwa sauti ya chini, hata usiku, mlio nao hautakusumbua sana. Vyombo vikioshwa kaa sebuleni bila pamba dakika chache, wiki inayofuata sogea mlangoni, taratibu, ukiumia rudi nyuma hatua moja. Ni kazi ya miezi, sio siku tatu, mwambie na shemeji ili ajue. Kwenye daladala kaa mbali na mlango na spika. Kukiwa na kigodoro mtaani ndo vaa vizibo.

Kuhusu uziwi, kuumizwa na sauti peke yake sio uziwi, ila kwa miaka 6 ya randa lazima upimwe, na mimi siwezi kukuambia chochote cha uhakika kabla ya hapo. Usiweke mafuta wala dawa ya matone ya kuambiwa na jirani. Kama ulitumia kwinini au sindano za jenta (jentamaisini, dawa ya kuua bakteria) karibuni mtajie daktari, zote zinaweza kugusa masikio. Na sikio moja likizima ghafla, au uso ukapinda upande mmoja, au usaha ukatoka, usisubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kupima, omba kliniki ya masikio, pua na koo, Muhimbili ipo. Nenda Jumatatu asubuhi kabla hujawasha mashine, masikio yawe yamepumzika angalau masaa 14 bila kelele, vinginevyo majibu yatakuja mabaya kuliko hali halisi. Na kabla hawajakuvalisha hedifoni mwambie anayepima kwamba sauti zinakuuma, maana kuna kipimo kimoja kinatumia sauti kali, aanze chini apandishe pole pole.