Nguvu za kiume ukiwa na kisukari, presha au VVU

Nina kisukari mwaka wa 9. Nimemeza sildenafil (dawa ya kusimamisha uume, ile ya Viagra) ya miligramu 50 mara mbili, kimya. Ni feki?

Huenda ni nzima. Ulikula nini kabla? Ukiimeza juu ya pilau la nyama yenye mafuta, inachelewa kama saa nzima na makali yake hupungua. Imeze tumbo likiwa jepesi, saa moja kabla, halafu mshikane: bila ashiki haifanyi kitu, kazi yake ni kufungulia damu tu. Kisukari hula neva na mishipa midogo, kwa hiyo wengi hawatoshwi na 50. Daktari anaweza kukupandishia hadi 100, mara moja tu kwa siku. Ijaribu siku 6 hadi 8 tofauti ndipo useme imeshindwa. Sukari ikiwa 15 kila asubuhi, kidonge unakilaumu bure.

Namezea amlodipine na losartan za presha. Nitaanguka?

Hizo zikikutana na sildenafil hushusha presha kidogo zaidi, wengi huvumilia. Kwenye prazosin ya presha, au tamsulosin ya tezi dume, daktari huanza na sildenafil ya 25, tena ukiwa umeshaizoea ile ya zamani. Vinginevyo ukiinuka ghafla utaona giza.

Inayoua ikichanganywa na sildenafil ni nitrati, dawa za moyo: isosorbide dinitrate, au kidonge cha chini ya ulimi cha maumivu ya kifua. Hapo hakuna dozi ndogo iliyo salama, presha inaporomoka. Kifua kikikubana baada ya kumeza, mtajie daktari wa zamu dawa na saa uliyomeza, hata mkeo akiwa pembeni. Nitrati haitolewi ndani ya saa 24 baada ya sildenafil, saa 48 kwa tadalafil, ndugu yake sildenafil.

Na ARV?

Kidonge kimoja chenye dolutegravir hakigombani nayo. Ukiwa kwenye ritonavir, ARV nyingine, ini huchelewa kuisafisha: usizidi 25 ndani ya saa 48.

Figo zangu zimechoka sana. Nisiguse kabisa?

Si lazima, ila uanzie 25 kwa kibali cha daktari wako.

Unga wa mtaani je, maana ni wa asili?

Baadhi ya hizo "za asili" zimekutwa na sildenafil ndani, bila kipimo. Mwenye nitrati mfukoni hana namna ya kujua. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, hasa kwa mwenye selimundu, nenda hospitali usiku huohuo.