Nyasi bahari si mwani

SWALI: Nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Moshi. Kwenye jaribio la mazingira ya pwani, ile mimea inayofunika mchanga chini ya maji na kuhifadhi samaki wadogo, wanafunzi wameiita "nyasi bahari", "nyasi za bahari", "majani ya bahari" na "mwani". Nimpe nani alama?

JIBU: Mwalimu, hao watatu wa kwanza wape. Wa "mwani" mnyime. Neno hilo, likiwa limebandikwa nyasi bahari, nalikuta kila mara kwenye vipeperushi vya mazingira vinavyotufikia hapa Arusha, na kila mara linanikera.

Nyasi bahari ni mimea kamili. Zina mizizi, zina shina linalotambaa chini ya mchanga, zinachanua na kutoa mbegu humo humo majini. Mwani hauna mizizi wala maua. Hujishikiza tu kwenye mwamba au jiwe, ndiyo maana akina mama wa Paje na Jambiani, huko Zanzibar, huufunga kwenye kamba nao ukakua.

Kazi yote ya nyasi bahari inaanzia kwenye mizizi hiyo. Mizizi hushika mchanga, majani hupunguza kasi ya maji, tope likatuama. Hapo ndipo samaki wadogo kama changu na tasi wanapojificha, pono anakula, kasa na nguva wanakuja malishoni, na wavuvi wa Chwaka wanatega madema yao. Wewe uliye Moshi unakijua kihamba, lile shamba la Wachaga la migomba na kahawa kuzunguka nyumba: mringaringa ukianguka, kahawa iliyokuwa kivulini mwake nayo inaumia. Nyasi bahari, mikoko na matumbawe ndiyo mringaringa wa pwani.

Sasa tazama jina baya linavyoharibu habari. Wakulima wa mwani wakati mwingine hung'oa nyasi bahari ili wapate nafasi ya vigingi na kamba. Mwandishi wa kipeperushi, kwa msamiati wake unaoita vyote viwili mwani, itambidi aandike: "Wakulima wang'oa mwani ili wapande mwani." Msomaji ataelewa nini? Atadhani ni palizi, au wamebadilisha mbegu. Aongeze sentensi ya pili: "Mwani ukipungua, samaki hupungua, ingawa mwani umeongezeka." Halafu amalizie kwa wito: "Tuulinde mwani usiharibiwe na kilimo cha mwani." Kila sentensi hapo ina ukweli ndani yake, na hakuna hata moja inayoeleweka. Malezi ya samaki yamefyekwa, na lugha imefunika ushahidi. Mtu anayelipwa kuwaelimisha wananchi hana ruhusa ya kuandika hivyo.

Najua nitajibiwa kwamba wapo wavuvi wa pwani wanaoita mwani chochote cha kijani kinachoota majini. Wapo, na sigombani nao. Mvuvi ananyoosha kidole, mwenzake chomboni anaona. Tena watu hao hao ndio waliotenga mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, kila mti na jina lake, wakati sisi wa bara tumeirundika yote kwenye "mikoko", na wengine, Mungu atusaidie, kwenye "miti ya mikoko", kana kwamba kuna mikoko isiyo miti. Wao ndio waliompa kaa koko jina linalokuonyesha anakoishi. Mwandishi wa ofisini hana kidole cha kunyoosha. Ana neno tu, basi alichague.

Kuhusu asili hakuna mengi: nyasi ni ya Kibantu, bahari imetoka Kiarabu, na zimekaa pamoja vizuri. "Majani ya bahari" siipendi sana, kwa kuwa jani ni sehemu tu ya mmea, lakini watu wengi huita nyasi majani, hata huku kwetu, kwa hiyo naiacha ipite. Yule wa mwani mtazamie mchoro wake. Kama amechora mizizi ndani ya mchanga, kitu anakijua, jina ndilo limemshinda, mpe nusu.

Jambo moja hukuliuliza. Umoja ni unyasi, wingi nyasi, kwa hiyo nyasi bahari zinakua, zimeng'olewa, zinarudi. Mwani unakua, umevunwa. Mwanafunzi akiandika "nyasi bahari inakua", msahihishe kwa kalamu nyekundu lakini alama umwachie, maana jaribio lako ni la baiolojia.