AS kwa AS: hesabu inaanza upya kwa kila mimba

Mama, umeuliza hivi: wewe na baba watoto ni AS (kila mmoja ana herufi A ya damu ya kawaida na S ya selimundu, bila kuwa mgonjwa), mtoto wenu wa kwanza ni SS (mgonjwa wa selimundu), na wakubwa wa familia hapa Lubumbashi wanakwambia fungu la ugonjwa limekwisha, watatu watakaofuata watazaliwa wazima. Hapana. Damu haigawi kwa zamu.

Chora mraba wenye vyumba vinne. Juu andika herufi za baba, A kwenye safu moja na S kwenye nyingine. Ubavuni andika zako vivyo hivyo. Jaza kila chumba kwa herufi ya juu na ya ubavuni: AA, AS, AS, SS. Wanaokosea huandika "AS" nzima juu ya safu moja, kumbe yai au mbegu hubeba herufi moja tu.

Vyumba vinne si watoto wanne. Ni mimba moja na njia zake nne. Mimba ijayo mraba unaanza upya: SS ni 1 kwa 4, hata mkubwa akiwa SS. Watoto watatu kukwepa SS wote ni ¾ × ¾ × ¾, yaani 27 kwa 64, chini ya nusu. Najua inauma kuisoma, lakini ni afadhali uijue kabla ya mimba.

Na mtoto akitoka si mgonjwa, usiseme ni nusu kwa nusu kuwa AS. Chumba cha SS kimeondoka, vimebaki vitatu, viwili ni AS: 2 kwa 3. Aambiwe hivyo akikaribia kuoa au kuolewa. Akimpata AA, hakuna SS atakayezaliwa kwao.

Sasa angalieni karatasi zenu za labo, maana mraba mzuri wenye herufi za uongo hausaidii kitu. Zimeandikwa "Emmel chanya" tu? Basi bado hamjajua herufi zenu. Kwenye Emmel, tone la damu hufungiwa chini ya kioo chembamba likose oksijeni, kisha mtu wa labo anatazama kwa darubini kama chembe zinajipinda kama mundu. Za AS hujipinda, za SS pia. Kwa mtoto mchanga kipimo hicho kinaweza kutoka hasi ilhali ni SS, kwa sababu hemoglobini yake (protini ya damu inayobeba oksijeni) bado kwa sehemu kubwa ni ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, si S.

Ombeni elektroforezi ya hemoglobini, kipimo kinachotenganisha A na S. AS huonyesha mistari miwili, na A huwa nyingi kuliko S. S ikizidi A, msikubali kuandikiwa AS bila daktari kuangalia tena. Na kama mtu ameongezewa damu karibuni, lazima aseme kabla ya kupimwa: A ya aliyemtolea damu itaonekana, na SS atasomeka kama AS. Asubiri miezi 3 au zaidi, ndipo apimwe.