Kipindi chako kisikilize mwenyewe kwanza

Kwa miaka mingi nikiwa mwalimu, mrejesho niliopata ulikuwa fomu ya mkaguzi. Amekaa nyuma ya darasa, ametia alama za vema, na chini ameandika: "Ushirikishwaji wa wanafunzi uongezwe." Uongezwe vipi? Hakusema.

Ndipo nikaweka simu mezani, nikarekodi sauti ya kipindi cha hisabati, cha kujumlisha sehemu. Jioni nikajisikia nikiuliza, "Kwa nini hatujumlishi asili kwa asili?" (asili ni ile namba ya chini ya sehemu) na papo hapo nikajibu mwenyewe. Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu kuna binti ameshaanza, "Kwa sababu..." nami nikamkatiza. Darasani sikumsikia kabisa. Iliniuma sana.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilionyesha hili miaka ya 1970 kwa kusikiliza kanda za masomo: mwalimu akishauliza, kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na hata wasiozoea kusema walijitokeza.

Kwa hiyo ushauri wangu: chagua jambo moja tu. Mimi nilichagua ukimya baada ya swali. Sikiliza dakika 10, siku hiyohiyo, ukiwa bado unakumbuka nani alikaa wapi. Siku hizi zipo programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi na kuhesabu nani amezungumza kwa muda gani. Zinasaidia, ila hukosea watoto wanapojibu kwa pamoja, na haziwezi kukwambia kama aliyenyamaza anafikiri au anaogopa. Hilo unalijua wewe.

Wakuu wa shule, nawaomba: rekodi hizi ziacheni mikononi mwa mwalimu. Zikiingia kwenye faili la tathmini, atarekodi kipindi cha maonyesho, na hamtajifunza kitu, ninyi wala yeye. Nanyi walimu, ombeni ruhusa ya shule na wazazi, waambieni wanafunzi, sauti pekee inatosha, kisha futeni.

Wiki ya nne nilisikiliza tena. Swali, kisha kimya. Kiti kikasogezwa, mtu akakohoa. Halafu sauti ileile ya binti: "Kwa sababu asili inatuambia kipande ni kikubwa kiasi gani, haituambii vipo vingapi."