Rota za kuinama zingefaa Wilson?

Swali: Salamu, Injinia. Nasomea urubani hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Nimetazama video za maonyesho ya ndege ya Le Bourget, nikaona helikopta yenye mabawa na nyingine ambayo rota zake zinainama mbele. Kwa nini zimeundwa hivyo? Na je, zingefaa kuleta wagonjwa Nairobi kutoka Turkana? – Msomaji, South C

Jibu: Salamu, ndugu yangu. Tuanze na helikopta ya kawaida. Rota ni yale mapanga yanayozunguka juu yake, na ncha ya panga huzunguka kwa takriban kilomita 790 kwa saa. Helikopta ikienda 300, panga linaloelekea mbele hukutana na hewa kwa 1,090, na linalorudi nyuma kwa 490 tu. Ongeza kasi, na la kwanza litakaribia mwendo wa sauti huku la pili likishindwa kubeba uzito. Ndiyo maana rekodi ya kasi ya helikopta ya Lynx ya Uingereza ya mwaka 1986, kilomita 400.87 kwa saa, bado inasimama kwa helikopta za kawaida.

Helikopta yenye mabawa, Racer ya Airbus, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 2024, inabaki na rota yake juu lakini imeongezewa mabawa na rafadha (propela) mbili za kusukuma. Mabawa yakishika sehemu ya uzito, rota inapumua. Imelengwa kusafiri kwa kilomita 400 kwa saa. Ile ya rota za kuinama, AW609 ya kampuni ya Leonardo ya Italia, inakwenda mbali zaidi: rota mbili zinainama hadi zinakuwa rafadha, mabawa yanabeba kila kitu, na kasi inafika 500 hivi. Injini zake zimeunganishwa kwa shafti inayopita ndani ya bawa, hivyo moja ikizima, iliyobaki inazungusha rota zote mbili. Kazi hiyo naiheshimu sana. Tena shinikizo la hewa ndani ya kabini linadhibitiwa, jambo jema kwa mgonjwa aliyeumia kifua.

Lakini Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 26, hewa yetu huwa nyepesi kama ya futi 8,000, yaani imepungua kwa moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa siku ya baridi. Injini inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na papo hapo rota inadai nguvu zaidi, asilimia 13 hivi, ili kuelea na mzigo uleule. Sasa kumbuka kwamba rota ya kuinama haiwezi kuwa kubwa, kwa sababu lazima ifanye pia kazi ya rafadha. Ukikata eneo la duara la rota kwa nusu bila kupunguza uzito, nguvu inayohitajika kuelea inapanda kwa asilimia 41. Kinachobaki kupunguzwa ni mzigo. Upepo unaoshuka chini nao ni mkali zaidi, na vumbi la Turkana unalijua.

Kutoka hapa hadi Lodwar ni kilomita 500 hivi kwa mstari ulionyooka, na pale pana uwanja wa ndege. Ndege ndogo ya PC-12 inafanya safari hiyo kwa saa moja na kidogo, kwa hiyo kwa Lodwar sioni sababu ya kulipia rota za kuinama. Ningezitaka kwa manyatta za mbali kule milimani Samburu, ambako ndege haina pa kutua na helikopta inachelewa.

Ukikutana na muuzaji, usianze na kasi. Mwombe jedwali la uzito ambao chombo kinaweza kuelea nao futi 8,000, mbali na ardhi kiasi kwamba upepo wa rota unaogonga chini haukisaidii kuelea. Toa rubani, daktari, muuguzi, machela, mitungi ya oksijeni na mafuta ya kwenda na kurudi, uone kama mgonjwa bado ana nafasi. Kisha uliza cheti. AW609 iliruka mara ya kwanza mwaka 2003, na hadi 2024 ilikuwa bado haijaidhinishwa kubeba abiria.